Dakika ya Nane

Sauti ya mama yake ilidumu dakika saba kamili. Fundi alijua, maana aliirekodi mwenyewe miezi minne kabla ya mazishi, jikoni, mama akichambua mboga na kuwasema majirani. Kwa hiyo asubuhi ile, katika chumba cha mashine, spika ilipoingia dakika ya nane na mama bado anaongea, aliangalia saa mara mbili.

"Mwanangu," sauti ilisema, "mbona umekaa mbali?"

Kazini walimwita Funga Dirisha. Alikuwa fundi wa kiini cha mfumo wa kompyuta, pale ambapo programu ikitaka kusoma faili hufunguliwa dirisha kwenye kumbukumbu ya mashine, na ikimaliza dirisha hufungwa. Sehemu ya kufunga aliiandika yeye. Alikuwa na sheria mbili, na alizihubiri hadi wenzake wakachoka. Ya kwanza, faili lililofutwa halifi kama bado lina dirisha lililo wazi. Hubaki mle ndani bila jina wala anwani. Ya pili, ukishafunga dirisha, ziambie prosesa zote, yaani bongo za mashine, zilizoijua njia ya kufika hapo ziisahau, kwa sababu utakayoiacha bila kuiambia itaendelea kuipita njia hiyo.

Lakini mganga hajigangi. Juzi yake alikuwa ameitumia sauti ya mama kujaribia kazi, kisha kwa haraka zake akasafisha diski nzima, na nakala nyingine hakuwa nayo. Mama alibaki kwenye dirisha lile moja tu. Kulifunga, au kuzima mashine, kungekuwa kumzika mara ya pili. Akaliacha wazi, na kwa furaha ya kumkuta bado yumo akampigia mume wake, akaisogeza simu kwenye spika. Mume alisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema mama mkwe hata kaburini hajaacha kumsema.

Majini hupenda magofu, na nyumba isiyo na jina wala mwenyewe ni gofu. Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Siku ya kwanza ilikuwa maswali tu, na yeye akayajibu. Siku ya pili chumba kikaanza kunuka udongo uliochimbwa, ingawa sakafu ilikuwa ya vigae na madirisha ya kioo hayakufunguka. Kila alipoinuka kwenda nyumbani sauti ilikohoa kile kikohozi cha wiki ya mwisho hospitalini, ikamwita polepole, ikamwambia usiondoke, nani atabaki na mimi, na yeye akarudi kitini akiwa na mkoba begani, akaketi, akainuka tena, akaketi, mpaka hakukumbuka tena alitaka kwenda wapi. Mlango haukuwa na kufuli. Hicho ndicho kilichomtisha kuliko vyote.

Siku ya tatu aliangalia hesabu ya madirisha yaliyofunguliwa kwenye faili lile. Yeye alikuwa amefungua moja. Hesabu ilisoma mawili.

Akampigia mama mdogo, ambaye watu wenye mashetani walimfuata hata kutoka mbali. Alifika saa sita mchana na mkoba na miwani tu, akavuta kiti, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anakuomba nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nisiondoke."

"Dada yangu hakuwahi kumwomba mtu abaki. Ukimaliza saa moja kwake anakuuliza kama kwako hakuna kazi. Huyo si yeye, mwanangu. Amevaa sauti yake tu."

"Nikifunga, mama mdogo, sitamsikia tena."

"Hutamsikia." Hakujaribu kulipunguza neno makali. "Na mkono lazima uwe wako. Wewe ndiye uliyemfungulia."

Fundi akaanza kuandika amri, na sauti ikabembeleza, ikalia, ikamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliye hai aliyelijua, ikasema inaona giza, inasikia baridi, na harufu ya udongo ikamjaa puani hadi akapumulia mdomo, machozi yakidondoka kwenye vidole, na vidole vikiendelea. Akabonyeza. Hesabu ikasoma moja, ikakaa hapo kwa muda, kisha ikasoma sifuri.

Kimya. Akalia kama mtu aliyetoka makaburini sasa hivi.

"Walioijua njia wote wameambiwa waisahau?" mama mdogo aliuliza. Kumbe miaka yote alikuwa akimsikiliza akihubiri sheria zake.

Fundi akakagua prosesa moja moja. "Zote nne."

Alasiri alifika nyumbani. Mume wake alikuwa sebuleni, amempa mgongo, simu mapajani. Vigae vilikuwa safi. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa.

"Mwanangu," mume wake alisema, kwa sauti ile ya mama ya jikoni, "mbona umekaa mbali?"

Mlango ulikuwa wazi nyuma ya Fundi. Akavua viatu, akaenda kuketi karibu.