Keki ya Wageni wa Amman

Tusizunguke: siku ile mjinga alikuwa Muayyad mwenyewe. Alisimama kwenye foleni ya duka la keki, Tripoli ya Lebanon, amevaa fulana ya manjano iliyoandikwa mgongoni "Furaha Haina Mipaka", kama wenzake wote waliotoka Amman ya Yordani kuja kujitolea kwa watoto yatima. Aliagiza keki kubwa kama mlango.

"Iandike 'Heri ya kuzaliwa'," alimwambia muuzaji.

"Nani kazaliwa?" iliuliza sauti nyuma yake. Mwanamke wa koti refu la rangi ya zeituni, mtandio umefungwa haraka haraka, macho yanadai usingizi wa mwezi mzima.

"Watoto wa kituo, dada yangu. Hawazijui siku zao, maskini, basi tunawafanyia wote pamoja."

"Na mishumaa wataweza kuipuliza?"

"Tutawafundisha."

Mwanamke alicheka mpaka akashika kioo cha kabati la keki. Muayyad akajiona mzuri kweli kweli.

Mchana huo, aliyewafungulia lango la kituo ni yuleyule. Jina lake Rudaina, mlezi wa watoto. Keki ilipotua mezani, watoto walijipanga bila kuambiwa, wakapuliza kwa pumzi moja, wakapiga makofi, wakageukia kamera wakitabasamu.

"Ami," mmoja wao, Taim, alimvuta Muayyad fulana, "picha ni kabla ya kukata au baada? Wale wa Kuwait walipenda kabla."

"Taim ametimiza miaka tisa mara nne mwaka huu," Rudaina alimnong'oneza. "Akienda hivi atastaafu kabla yangu."

Muayyad alitamani sakafu immeze. Haikummeza, akaenda jikoni kuosha vyombo. Rudaina akamfuata na kitambaa cha kufutia.

"Unaosha kwa madaha kama bibi harusi."

"Basi nioe."

"Kwanza sugua hilo sufuria, nikuone."

Akasugua. Mapenzi yao yalianzia hapo, povu limewafika viwikoni.

Fulana za manjano ziliporudi Amman, ikabaki simu. Kila jioni.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula walichobakiza watoto."

"Umepumzika?"

"Nimepumzika nimesimama, kama punda."

Mara nyingine usingizi ulimchukua Rudaina katikati ya sentensi, na Muayyad asikate, anasikiliza tu anavyopumua. Kisha simu zikakoma. Anapiga, hapokelewi. Anaandika, hajibiwi. Wivu ukampanda: bila shaka limekuja kundi jingine, na ndani yake kuna kijana mwenye fulana nzuri zaidi.

Akarudi Tripoli peke yake. Shati limepigwa pasi, marashi mpaka kwenye soksi, na mfukoni bangili ya dhahabu aliyopewa na mama yake. Alimkuta Rudaina juu ya paa la kituo, anaanika mashuka, amekonda, uso umesawajika.

"Kimya chote hiki! Nikajua umepata mwingine."

"Nimepata ishirini na wawili. Wote wana surua."

Muayyad akashika ncha ya shuka, wakalikamua pamoja, maji yakamlowesha shati lote.

"Na walezi wenzako?"

"Mmoja kaolewa, mwingine kapata viza. Nimebaki mimi na mpishi."

Muayyad akatoa bangili. "Twende Amman, Rudaina. Mama ameshatuandalia chumba. Nataka nikuone umelala mpaka saa nne asubuhi, hakuna anayekuita."

Rudaina aliitazama bangili, akaitazama mikono yake iliyochunika kwa sabuni. Machozi yalimlenga.

"Usinitajie usingizi, nitakubali."

"Kubali! Hunipendi?"

"Nakupenda, mjinga wangu. Tangu dukani."

"Basi tatizo nini? Umechoka, umekonda, hata hao waliokuachia kazi hawakupigii simu! Watoto watapata mtu mwingine, jicho langu. Siku zote hupatikana mtu mwingine."

Rudaina alibana kibanio cha mwisho kwenye shuka, akamgeukia.

"Muayyad, huyo mtu mwingine ndiye mimi."