Msamba wa Hewani

Jumamosi hiyo soko la mitumba la Eldoret lilikuwa limejaa pomoni. Musimbi, karani wa duka la mbegu, dada mrefu mwenye sweta ya njano, alichomoa taitsi nyeusi kwenye lundo la Nicanor, kijana muuza nguo, akaivuta huku na huku.

"Madam, hiyo hairaruki hata ukipanda nayo ng'ombe," Nicanor akamwambia.

"Itahimili msamba?"

"Msamba gani tena?"

"Wa hewani. Najifunza baleti."

Alipomweleza wanakofanyia mazoezi, Nicanor alicheka. Mtu wa miaka ishirini na saba, akirukaruka na watoto kwenye ukumbi wa kanisa mtaani West Indies! Lakini namba ya simu aliiomba.

Tangu siku hiyo alimpigia kila jioni.

"Umefika wapi leo, malaika?"

"Mguu wa mbele umenyooka. Wa nyuma bado unajikunja kama wa panzi."

"Panzi wangu."

"Wee! Nitakata simu."

Hakukata.

Mwezi wa tatu Nicanor alienda kumtazama, shati lake la buluu limepigwa pasi. Musimbi alikimbia hatua tatu, akaruka, miguu ikatanuka hewani, kisha akaanguka kwa nyonga, puu! Nicanor alikuwa amerekodi. Akaiweka video kwenye statasi yake ya WhatsApp. Jumatatu, wateja wa mbegu walimpokea Musimbi kwa vicheko.

"Nicanor, umenianika!"

"Musi, mimi niliona ukipaa. Kuanguka sikuona."

"Wenzako wote wameona."

Safari hii alikata.

Wiki sita zikapita. Kila asubuhi Musimbi aliruka kwenye nyasi zenye umande nyuma ya nyumba yake mtaani Kimumu, mapaja yakimuuma. Jioni ndizo zilizomshinda. Hakuna aliyemuuliza amefika wapi. Nicanor naye alipita mbele ya duka la mbegu mara mbili, asiingie. Aliandika ujumbe, akaufuta.

Kisha Jumamosi moja ukumbini Musimbi aliruka, na miguu yote miwili ikanyooka kama kamba ya nguo. Akatua taratibu. Jerop, mwalimu wao wa baleti, alikuwa ameinama akimfunga mtoto viatu, hakuona. Musimbi alitoka nje, jasho likimtiririka, akampigia Nicanor simu.

"Nimeuruka."

"Nani ameona?"

"Hakuna mtu. Nilitaka uone wewe."

Nicanor alimwachia jirani yake Mburu meza ya nguo, akaja mbio. Alikuta darasa limeisha, Musimbi amebaki peke yake ukumbini. Musimbi alikimbia, akaruka. Mguu wa nyuma ukakataa. Akatua kwa magoti.

"Ulikuwa umenyooka, aki ya Mungu," alisema, machozi yakimlenga.

"Najua." Nicanor alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono. "Nisamehe, Musi. Nilitaka dunia nzima ikuone. Sikukuuliza."

Musimbi hakuivuta mikono yake.

"Kesho nikuje tena?" akauliza Nicanor.

"Kesho ni Jumapili. Hakuna darasa."

"Basi nikuje kwako."

"Kuja mapema," Musimbi akasema.