Mishumaa Kumi na Mmoja

Alhamisi Kuu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Stratos alikuwa ameziba njia katikati ya soko la Kapani, mishumaa kumi na mmoja ya Pasaka kifuani, mmoja kwa kila mtoto aliyemsimamia ubatizo. Evanthia, mwenye koti jeusi la matanga na trei ya mayai, alimgonga bega kabla ya kumtambua. Hawakuwa wameonana kwa wiki tatu.

"Eva, mpenzi. Nimekupigia mara—"

"Najua mara ngapi. Pisha."

Stratos alimfuata hadi kwenye meza za samaki.

"Nilikosea. Nimeshasema."

"Arobaini ya baba, Stratos. Kiti cha pembeni yangu kitupu, watu wananitazama. Wewe unasimamia ubatizo."

"Niliombwa. Utamkatalia vipi mtu jambo kama hilo?"

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Stratos aliutazama mshumaa wenye utepe wa buluu.

"Ni wa kiume."

"Hongera, baba wa ubatizo."

"Nina moyo mpana. Ulinipendea huohuo."

"Moyo wako ni stendi ya basi. Kadi zao naandika mimi. Viatu unawapelekea vya saizi ya mwaka juzi. Unadhani hao unawapenda?"

Simu ya Stratos ikalia. Mikono ilikuwa imejaa. Evanthia aliichomoa mfukoni mwake na kubonyeza spika. Alikuwa Lefteris, binamu wa Stratos.

"Kaka, binti yetu tunambatiza Jumapili ya tatu ya Mei. Nani mwingine kama si wewe?"

Evanthia alikaza macho kwenye samaki.

"Siku hiyo ni kumbukumbu ya miezi mitatu ya mzee Thodoros," Stratos alisema. "Baba yake Eva."

"Basi tusogeze tarehe."

"Hata ukisogeza. Ninao kumi na mmoja, na mmoja simjui jina. Mtafutie mtu atakayemjua."

"Unanikatalia mwanangu?"

"Nakukatalia."

Lefteris alikata simu bila kuaga.

"Usidhani hilo limefuta kitu," Evanthia alisema.

"Sidhani."

"Anaitwa Anestis. Mama yake alinipigia kushukuru. Mimi."

Alimrudishia simu mfukoni, akaondoka na mayai yake bila kugeuka.

Jumapili ya tatu ya Mei, saa mbili na nusu asubuhi, Evanthia aliingia kanisani. Stratos alikuwa mstari wa mbele, peke yake, sahani ya ngano iliyochemshwa ya kumbukumbu ya mzee Thodoros mapajani. Evanthia aliketi kiti cha pembeni yake.