Niliandika "Askari Banachoka"

Walimkamata Caporal Bokungu mbele ya macho yangu, na ushahidi ulikuwa mwandiko wangu.

Nilinyamaza.

Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkimaliza. Kwanza nisikilizeni.

Ilikuwa 1987, base ya Kamina, kambi ya jeshi. Mimi, Ndaya, nilikuwa mtafiti wa damu. Niliwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu cha miaka mingi, nikichunguza chembe ziitwazo T, zile zinazoulinda mwili. Watu wa base niliwaambia ni "askari ya damu". Walinielewa haraka, maana kila nyumba pale ilikuwa ya askari.

Chembe za Bokungu, mmoja wa wagonjwa wangu, zilikuwa nyingi, ila ugonjwa hazikuushambulia tena. Akaniomba, kwa ajili ya mkewe:

"Docteur, uniandikie ile maneno. Bibi yangu Marceline atasoma."

Nikaandika harakaharaka kwenye kikaratasi: Askari iko bengi, lakini banachoka. Habataki tena kupigana.

Damu sikuitaja. Jina langu sikuweka. Mungu wangu...

Kikamdondoka kwenye foleni ya chakula. Commandant wa base akakisoma, akaona uasi.

"Nani aliandika hii?"

Nilikuwa hatua tano tu! Nikawaza maabara yangu, darubini yangu, miaka minne ya kazi.

"Ni minyi," Bokungu akasema, akijitwika kosa langu.

Wakamtia cachot, chumba cha kufungia askari. Siku tatu, bila dawa.

Marceline alinifuata maabara, akaniuliza kwa upole:

"Docteur, weye unajua nani aliandika?"

"Hapana, mama."

Nilimdanganya macho kwa macho, jamani.

Siku ya nne niliiacha darubini. Nikaenda kwa commandant.

"Njo minyi niliandika. Ni askari ya damu, ni maneno ya ugonjwa."

Hakushangaa hata kidogo.

"Citoyenne Ndaya, Bokungu hajue kuandika hata jina yake. Bibi yake alinielezea yote siku ileile. Lakini bila mwenyewe kusema, mu rapport Bokungu angebakia muasi."

Akafunga faili.

"Yule mama aliniambia: tungoje, docteur atakuja, ni muntu muzuri."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe Marceline alikuja maabara kunipa nafasi!

Bokungu alitoka akitema damu. Hakumaliza mwezi. Utafiti wangu ulimalizika, nikapongezwa na kupewa mikono.

Kama ni wewe, sema ni wewe, siku ileile. Siku ya nne nilisema ukweli wote, na Marceline akabaki mjane.