Yareta Iliyomwagiliwa Jioni

Mambo yaliharibika Jumanne ya pili ya mwezi wa Juni, jua likizama. Kama kila jioni, Asunta aliwafungia lama zizini, kisha akapita kuitazama yareta, mmea wa milima mirefu aliokabidhiwa na shule autunze. Ilikuwa kubwa kama ng'ombe aliyelala, imeukumbatia mwamba, majani yake madogo yamebanana hata ungedhani ni jiwe la kijani. Ilikuwapo kabla ya kanisa, kabla ya kijiji chenyewe. Asunta alipolilaza shavu lake juu yake, alijiona mdogo kama kiroboto mgongoni mwa mlima.

Siku hiyo aliiona imefifia. "Una kiu, maskini," akasema, akaimwagia ndoo nzima.

Asubuhi upande mmoja ulikuwa mweusi, laini kama uji.

"Umeipika chunyo!" binamu yake Remedios alicheka. "Sema lama wameikojolea. Nani atajua?"

Asunta aliugusa ule weusi. Usiku uleule walikuwa wametandaza viazi nje vigande viwe chunyo, viazi vikavu vya akiba. Alijua vizuri baridi inavyokipasua kiazi kwa maji yaliyo ndani yake, lakini hakuwaza kwamba yareta nayo ina nyama inayoganda.

Alimkuta babu yake Hilarión akivikanyaga viazi kwa miguu mitupu kuvikamua maji.

"Babu, ni mimi. Niliimwagia maji jioni."

"Jioni? Mwezi wa Juni, wakati wa barafu?" Babu aliguna. "Haya, lete nyasi kavu upesi! Tuifunike, jua lisiyeyushe barafu kwa pupa. Na ndoo yako iache ipumzike mpaka mvua."

Miezi ilipita. Mvua ziliposhuka, Asunta alifunua nyasi, akapiga kelele. Pembeni mwa kidonda palikuwa na tone la kijani, dogo kama punje ya kinoa. Babu alivua kofia. Wote wawili walipiga magoti, hawakuthubutu hata kuligusa.

"Ungewasingizia lama," Babu alisema polepole, "ningejenga ua, nawe ungemwagilia tena. Anayekiri mapema huwahi dawa."

Asunta alitazama mlima wa pili, mtupu kama kichwa cha mzee. Yareta zake zote ziling'olewa zamani kwa amri ya wakubwa wa mgodi, zikachomwa kama kuni kwenye matanuri yao.

"Na wale wakubwa, Babu, walikiri kwa nani?"