Rafu ya Wapagazi

Kilichoanza kuharibika ni shingo ya Nestory. Fundi huyo wa Kanyenye, mtu wa miraba minne, alitoka chumba cha nyuma saa nane mchana akiwa ameinamisha kichwa, akasema labda alilala vibaya. Kesho yake akasema hivyo hivyo. Siku ya tatu akakataa kuingia.

"Dada Theodora, humo ndani pananuka jasho la watu," alinong'ona. "Na tumbaku. Nani anavuta tumbaku humo?"

Theodora alicheka. Hapo ndipo mimi ninapomlaumu: msomi mzima, hajui kuuliza. Kazi yake ilikuwa kubuni vyumba, na alikabidhiwa nyumba hii kuukuu ya Mtendeni, ambamo zamani misafara ya Ujiji ilikuwa ikipumzika, aigeuze makumbusho. Vyumba vya mbele alipanga picha na vyombo. Cha nyuma alitaka kiwe kitupu: kuta laini za udongo, mwanga hafifu kutoka juu, kigoda kimoja, na ukimya ambao mgeni akikaa humo atasikia moyo wake tu, ajiulize yeye ni nani na ametoka wapi. Jambo zuri, sikatai. Ila ukutani palikuwa na rafu ya udongo, ndefu kutoka kona hadi kona, usawa wa kichwa cha mtu mzima. Theodora akaona haina kazi, inaharibu ukuta. Nestory akamsihi waulize wenyeji kwanza. Wapi! Rafu ikavunjwa siku hiyo hiyo, kabla shingo ya Nestory haijaanza kuuma.

Jumamosi alimleta binti yake Julieth, wa miaka tisa, mtoto mwenye adabu mpaka majirani walimwonea mama yake wivu. Alitaka kuona kama hata mtoto atatulia mle ndani. Akamkalisha kwenye kigoda, mwenyewe akasimama mlangoni. Dakika tano zikapita, kimya. Kisha akamsikia Julieth akisema, kwa sauti yake ya kupokea wageni, "Shikamoo." Akainua macho, kama anayesikiliza. "Haya, lete nikutue mzigo."

Akanyoosha mikono juu. Theodora aliona mabega ya mwanawe yakididimia na shingo ikizama katikati yake, akamkimbilia, akamvuta mpaka uani kwenye jua, na muda wote huo mkono wa kulia wa mtoto ulibaki umeshika kitu juu ya kichwa, kitu ambacho mama hakukiona, ila alipopitisha kiganja pale alikuta baridi, na harufu ya jasho, na tumbaku, na kamba iliyolowa.

"Mama, kizito," Julieth alilia. "Babu kasema nimtue, nikamtua. Sasa haji kukichukua."

Hospitali walipiga picha ya shingo, wakasema mzima. Jumapili hakuweza kumeza hata uji. Jumatatu alikuwa akipumua kwa kukoroma, na Nestory akaenda kumwita Bibi Shamila, mganga, aliyezaliwa katika nyumba ile ile. Bibi hakuwa na mbwembwe. Alimtazama mtoto aliyelazwa ukumbini, akachungulia chumba kwa mlangoni, akashika kinywa.

"Rafu iko wapi?"

"Nimeivunja, bibi."

"Ya Rabi! Mwanangu, mpagazi akifika na hakuna wa kumtua, anaegemeza mzigo pale, anapumua. Waliokufia njiani bado wanapita. Hawana ubaya na mtu. Sisi tuliwaachia chumba na rafu yao, tukaishi nao salama. Wewe umewanyima pa kupumzikia, ukawawekea mtoto."

"Nifanye nini?" Theodora akauliza.

"Rafu ijengwe upya, udongo ukauke siku saba. Lakini huyu hafiki siku saba. Atuliwe leo."

Theodora hakungoja. Alichutama mpaka utosi wake ukalingana na wa binti yake. "Nipe, mama," akasema. Uzito ukamshukia, magoti yakagonga sakafu, na Julieth akavuta pumzi ndefu, akaomba maji.

Siku saba Theodora alilala ameketi, mgongo ukutani, mkono juu. Uchungu ule mtu hauwezi kuusimulia. Na bado, jamani, sikio la kufa halisikii dawa: Nestory alipouliza rafu iwe ya urefu gani, akamjibu, "Dhiraa moja yatosha. Iweke pale nyuma ya mlango, isiniharibie chumba."

Siku ya saba, saa kumi za jioni, Bibi Shamila alikaa nje ya mlango na chetezo cha ubani, akisoma dua. Hakuingia, kwani chumba kilikuwa cha wapagazi, si chake. Theodora aliingia peke yake, akaipa rafu mgongo, akaegemea. Udongo ukalia. Uzito ukatoka kichwani, akasikia mtu akishusha pumzi karibu kabisa na sikio lake, kisha nyayo zikapita, zikaenda zao. Alilia kwa furaha kama mtoto.

"Alhamdulillahi," Bibi akasema huko nje.

Julieth alikuwa amesimama ukumbini na karanga mkononi. Hakumtazama mama yake aliyekuwa akitokea mlangoni. Alikuwa anatazama mlango wa barabarani.

"Mama, babu ameshaweka. Na hawa wengine?"

"Wengine gani?"

"Hawa waliopanga foleni. Wamefika mpaka barabarani."

Ubani ukazimwa na harufu nyingine, jasho na tumbaku na kamba iliyolowa, ikapanda kutoka ukumbini ikajaa nyumba nzima, na sakafu ikaanza kutikisika kwa uzito wa miguu mingi inayokuja taratibu, bila haraka, miguu ya watu waliochoka sana.

"Theodora," Bibi aliuliza kwa sauti ndogo, "hiyo rafu umeijenga ndefu kiasi gani?"

Theodora alikuwa anamkimbilia mwanawe, na mwanawe, mtoto mwenye adabu, alikuwa ameshaweka karanga chini na kunyoosha mikono.