Kodi Mbili

Kila akitoka shule, Profesa alivua sare, akaosha vyombo, ndipo akafungua madaftari. Jina hilo alipewa na mama yake, maana binti huyu hesabu kwake zilikuwa kama kunywa maji. Siku hiyo vyombo vilibaki vichafu. Yeye na mama yake walikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba, na mama alikuwa ameshika kalamu kusaini mkataba wa kupanga nyumba mwaka mzima.

Mama alikuwa amepata kazi ya kushona kiwandani: elfu tatu kwa saa, kabla ya kodi. Profesa ndiye aliyepiga hesabu. Saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki hamsini na mbili: milioni sita, laki mbili na arobaini elfu kwa mwaka. Kwa mwezi, laki tano na ishirini. Toa kodi ya nyumba laki tatu na nusu, cha kula kinabaki. Mama aliziamini hesabu hizo kuliko macho yake.

"Soma vizuri, dada yangu," mwenye nyumba alisema. "Ukishindwa kulipa, vitu nje. Ila kodi ya serikali nalipa mimi."

Profesa akainua kichwa. Kodi ya serikali? Kumbe ile "kabla ya kodi" ya kiwandani haikuwa kodi ya nyumba! Aibu ikamziba mdomo. Kalamu ikagusa karatasi.

"Mama, usisaini. Nimekosea."

"Mtoto, acha wakubwa wamalize," mwenye nyumba alisema.

"Mama, kiwandani wanakata kodi kiasi gani?"

"Robo. Si ulishaitoa?"

"Nilitoa ya nyumba tu. Nilidhani ndiyo hiyo hiyo."

Akahesabu upya. Ukiondoa robo, mkononi zinafika milioni nne, laki sita na themanini elfu kwa mwaka. Kwa mwezi, laki tatu na tisini. "Tukilipa nyumba tunabaki na elfu arobaini."

"Hiyo hata nauli haitoshi," mama alisema, akaweka kalamu chini.

Mwenye nyumba akaguna. "Haya, kuna vyumba vya uani, laki mbili. Vidogo, lakini havivuji."

Mama alivikagua kwanza, kisha akasaini. Njiani Profesa alikuwa akilia. "Usiniite tena Profesa."

"Kukosea kila mtu hukosea, mwanangu. Neno usilolijua, uliza kabla hujalipigia hesabu. Lakini ungenyamaza leo ili kulinda jina lako, tungekuja kulala barabarani, sisi na hilo jina."